Beseni, chicha na chumvi: sayansi kwa vitendo na watoto wa chekechea

Mtoto wa miaka minne akiona beseni la maji hangoji kuambiwa. Ataingiza mkono, atayapiga maji, kisha atatumbukiza ndala yake aone itakwenda wapi. Sayansi imeshaanza hapo. Kazi yako, mwalimu au mzazi, ni kuiacha iendelee bila mtoto kuumia na bila wewe kumuwahi kwa jibu.

Nafundisha darasa la awali hapa Mtwara. Haya ninayoyaandika nayafanya na watoto wa miaka mitatu hadi sita, kwa vitu vya jikoni, vya ufukweni na vya kwenye vibanda vya wachongaji. Hakuna cha kuagiza Dar es Salaam.

Kwanza tumalize suala la chakula

Ukitafuta michezo ya kugusa na kunusa kwenye intaneti, utaambiwa umwage mchele, tambi au unga wa ngano kwenye beseni watoto wauchezee. Huku kwetu bibi akikukuta katika hali hiyo atakuuliza umelelewa wapi, na ana haki ya kuuliza. Mtoto aliyefunzwa nyumbani kwamba chakula hakichezewi, akija shuleni akapewa mchele autawanye, tunamchanganya. Na darasani wapo ambao miezi ya masika, mahindi yakiwa bado shambani, mlo wao ni wa kuhesabu. Kuwamwagia hao mchele sakafuni ni kuwaumiza.

Kwa hiyo mimi nachezesha kile ambacho jiko limemaliza nacho kazi: chicha, pumba, vifuu, makumbi, magunzi, maganda ya machungwa. Na mchanga, ambao Mtwara na Lindi tumejaliwa hatuwezi kuumaliza.

Maandalizi

Tafuta mabeseni mawili mapana, ndoo ya maji safi yenye kifuniko, sabuni ya mche, mkeka au turubai, na kanga kuukuu mbili tatu za kufutia. Kaa kivulini, asubuhi kabla jua halijawa kali. Beseni moja litoshe watoto watano au sita. Kama darasa lako ni kubwa, na mengi yetu ni makubwa, omba mzazi mmoja aje kusaidia: kundi moja likiwa kwenye beseni, mengine yawe kwenye mchanga na yeye. Dakika 15 hadi 20 kwa kundi zinatosha. Ukizidisha, wataanza kumwagiana maji usoni.

Usiache beseni lenye maji bila mtu mzima, hata kwa kwenda kuchukua chaki. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Mchezo ukiisha, mwaga maji na ulifudikize beseni palepale.

Jambo jingine la kuandaa ni ulimi wako. Kila zoezi nitakalolieleza lina mwendo uleule: waonyeshe kitu, waulize wanakisia nini, waache wafanye, kisha uwaulize wameona nini. Wewe unasema mwisho, na siku nyingine husemi kabisa. Mtoto akitaja kitu kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, mwachie. Pokea neno lake, kisha sema la Kiswahili kando yake. Wengi wao wanayo maarifa tayari, kinachokosekana ni neno la Kiswahili tu, na ukimkatiza kwa ajili ya neno utapoteza maarifa yenyewe.

Chicha

Hili ndilo la kuanzia, maana halina gharama na mikono yote inalipenda. Mwombe mama lishe au mzazi akuwekee chicha ya nazi tatu au nne baada ya kukamua tui. Iwe ya asubuhi ileile. Kwa joto letu, chicha iliyolala inachacha, na harufu yake itawafukuza.

Igawe mafungu mawili. Fungu moja liache jeupe. Jingine litie kijiko kimoja cha manjano ya unga na maji kidogo, uchanganye mpaka lote liwe rangi moja. Mimina mafungu yote kwenye beseni, upande kwa upande, bila kuyachanganya. Weka na vifuu viwili na kijiko cha mti.

Watoto wanawe mikono, wakae kulizunguka beseni, wafumbe macho. Waguse kwanza. Waulize: ni baridi au moto? Inakwaruza au inateleza? Wanuse, wakiwa bado wamefumba macho. Harufu ya nazi wanaijua toka mgongoni mwa mama zao, lakini ile ya manjano huwagawa: wengine watasema pilau, wengine dawa. Sasa wafumbue macho na uwaachie. Watajaza vifuu na kuvipindua, watachanganya nyeupe na njano, watakamua wakitafuta tui lililobaki. Mafuta yatabaki viganjani, na hapo uliza: mbona mikono inang'aa, wakati maji hayang'arishi hivi?

Yuko mtoto asiyetaka kushika kitu chenye unyevu. Usimshike mkono ukauingiza. Mpe kijiko, akae pembeni, achote. Mmoja wangu alichota kwa kijiko wiki tatu, wiki ya nne akaingiza kidole kimoja mwenyewe.

Mkimaliza, chicha ni ya kuku.

Viganja vyekundu

Zoezi hili sikulipanga. Watoto walipokwenda kunawa baada ya chicha ya manjano, msichana mmoja alijipaka sabuni ya mche, akasugua, kisha akainua viganja juu akapiga kelele: "Mwalimu, damu!" Viganja vilikuwa vimegeuka rangi ya matofali. Wenzake wakakimbilia sabuni nao wageuke.

Manjano hubadilika kuwa nyekundu ikikutana na alikali, yaani kinyume cha asidi, na sabuni ya mche ina alikali. Suuza kwa maji, kisha wapake tone la ndimu, njano inarudi. Angalia tu asiwe na kidonda mkononi, ndimu itamchoma.

Tangu siku ile tunaendelea na choya, ile wengine wanaita rozela, ambayo inafanya hivyohivyo kwa uzuri zaidi:

1. Loweka kiganja kimoja cha choya kavu kwenye maji ya moto, mbali na watoto. Yakipoa, chuja. Utapata maji mekundu.
2. Kata chupa tatu za maji zinazopitisha mwanga, mimina kiasi sawa kwenye kila moja, zipange juu ya karatasi nyeupe.
3. Chupa ya kwanza usiiguse. Hiyo ni ya kulinganishia.
4. Kwenye ya pili, mtoto akamulie ndimu. Wekundu utang'aa zaidi.
5. Kwenye ya tatu, weka wewe mwenyewe magadi ya kupikia yaliyosagwa, kidogo kidogo, ukikoroga. Kabla ya kuweka, waulize itakuwaje. Rangi itahama: zambarau, kisha buluu iliyofifia au kijani cha tope.
6. Sasa mtoto amimine ndimu taratibu kwenye ile ya magadi. Povu litapanda na wekundu utarudi.

Povu ni hewa ukaa inayotoka asidi ya ndimu inapokutana na magadi. Hayo ni kwa ajili yako, mwalimu. Mtoto wa miaka mitano inamtosha kujua kwamba akifanya hiki kinatokea kile, na kwamba akirudia kinatokea tena. Kwa hiyo acha arudie, andaa ndimu za kutosha. Magadi yasiingie machoni wala mdomoni, na maji haya hayanywewi hata kama yanafanana na juisi ya choya. Waambie hivyo mwanzoni.

Kinachoelea na kinachozama

Jaza beseni maji nusu. Kusanya kizibo, jiwe, kome, jani la mwembe, gunzi, kifuu, kijiko cha bati, na chungwa. Ongeza vipande viwili vya mti vyenye ukubwa unaolingana: kimoja cha mti mwepesi kama mwembe mkavu, kingine cha mpingo. Mpingo waombe wachongaji, hawakosi vipande vya kutupa. Chagua kilichopigwa msasa, kisiwe na vibanzi.

Chora mistari miwili ardhini. Kila mtoto awe na kokoto moja. Ukiinua kitu, kila mmoja aweke kokoto yake mstari wa "kitaelea" au wa "kitazama", ndipo mmoja wao akitumbukize. Kokoto zinamlazimu kila mtoto kuamua, hata yule mnyamavu, na mnapata na hesabu ya kuhesabu pamoja. Aliyekosea asichekwe. Mimi husema, "Kumbe," nakwenda kwenye kitu kinachofuata.

Mpingo uweke karibu na mwisho. Kufikia hapo watakuwa wameona gunzi linaelea, jani linaelea, mti wa kwanza unaelea, na kokoto zote zitakwenda upande wa kuelea. Mpe mmoja aushike kwanza, kisha autumbukize. Utashuka moja kwa moja mpaka chini na kugota. Kimya kinachofuata hapo usikivunje. Ngoja. Mwaka jana mtoto mmoja aliutoa mpingo majini, akaufuta kwa shati lake, akautumbukiza tena polepole akidhani aliutupa vibaya. Ukazama. Akachukua vipande vyote viwili, kimoja kila mkono, akavipima akiinua na kushusha kama mizani ya sokoni, akasema: "Huu mti una jiwe ndani." Sikumsahihisha. Alikuwa ameshaona kwamba ukubwa umelingana na uzito haukulingana, na hilo ndilo nililotaka aone.

Kwa kesho yake: chungwa zima linaelea, limenye mbele yao na lile tunda litazama. Maganda yana vinafasi vya hewa ndani, yanalibeba. Kifuu kitupu kinaelea, kitie mchanga kijiko kwa kijiko, wahesabu kitazama kwenye cha ngapi. Na udongo wa mfinyanzi: tonge linazama, lakini ukilifinyanga liwe mtumbwi linaelea. Mtoto wa Mikindani au Kilwa aliyezaliwa akiona madau atakuonyesha mwenyewe jinsi ya kuinua kingo.

Chumvi inayorudi

Mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara watoto wengi wameyapita njiani, na wachache wamewahi kuona maji yanavyogeuka. Zoezi hili linahitaji subira ya siku kadhaa, na hufaa zaidi wakati wa kusi, mvua zikiwa zimekwisha.

Chukua maji safi yaliyochemshwa, kikombe kimoja. Mtoto aweke kijiko kimoja cha chumvi na akoroge mpaka isionekane. Uliza: chumvi imekwenda wapi? Wengi watasema imekufa, imeisha, imetoroka. Kila mmoja achovye ncha ya kidole aonje. Basi ipo. Sasa yamimine kwenye sahani bapa yenye rangi nyeusi au ya giza. Sahani ya pili itie maji matupu. Zote mbili ziweke juani, mahali kuku na mbuzi hawafiki, uzifunike kwa kipande cha chandarua ufunge na kamba, inzi wasiingie.

Kila asubuhi mkaangalie. Usiseme chochote, waangalie tu na wasimulie. Maji yatashuka, pembeni patatokea mstari mweupe, kisha punje, na ukibahatika zitakuwa za pembe nne kabisa. Sahani ya maji matupu itabaki tupu. "Chumvi imerudi!" hilo nimelisikia kila mwaka, na kila mwaka linanifurahisha upya.

Ukitaka, fanya na maji ya bahari kando yake. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kama vijiko viwili vya chakula, kwa hiyo kikombe kitawapa kiasi cha kuonekana vizuri. Hiyo ya bahari wasiionje, maji ya karibu na makazi hayaaminiki.

Chupa za sauti, na mbegu za kukataa

Hili ni fupi. Chupa nane ndogo zisizoonyesha ndani (zifunge karatasi), ziwe jozi nne: mbili za mchanga, mbili za mbaazi, mbili za ufuta, mbili za kokoto. Mbegu kiganja kimoja zinatosha na zinabaki salama kwa kupikwa. Watikise, watafute pacha. Vifuniko vikaze kwa gundi au utepe. Mbaazi na kunde zikiingia puani zinavimba kwa unyevu, na kuzitoa ni kazi ya zahanati. Watoto wa chini ya miaka mitatu wasipewe mbegu zisizofungiwa hata kidogo.

Mbegu za mbarika na za mbono kaburi zina sumu. Vivyo hivyo zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huziokota kwa uzuri wake. Zisiingie darasani hata kwa kuhesabia.

Na korosho. Huku korosho iko kila mahali, kwa hiyo tunaizoea mno. Msimu mmoja mtoto wangu wa darasani alikuja na korosho mbichi mfukoni, akaing'ata ganda nikiwa nimegeuka nyuma. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Midomo ilivimba, ikatoka malengelenge. Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka zahanati, akapona. Tangu hapo, kuanzia Septemba mpaka msimu uishe, nakagua mifuko asubuhi bila aibu. Bibo lenyewe halina shida: walinuse, walikamue, walionje ule ukakasi unaokausha ulimi. Ila mtu mzima awe ameshaing'oa korosho yake.

Kuchimbua

Kwenye kisanduku cha mchanga, au shimo lenye upana wa mkeka, fukia makombe, vigae na mifupa ya mbuzi iliyochemshwa na kukaushwa vizuri. Wape watoto brashi kuukuu na vijiko. Sharti liwe moja: ukigusa kitu, hukivuti, unafagia mchanga pembeni mpaka kionekane chote. Mikono ya miaka minne inajifunza utulivu hapo kuliko kwenye kushika penseli.

Wakishachimbua, wape habari ya Tendaguru. Huko mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani pamoja na mamia ya wenyeji walichimba mifupa ya dinosaria, na wenyeji wakaibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja kati ya hao, yule anayeitwa mjusi wa Tendaguru, amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin na urefu wake kwenda juu ni mita 13 na ushee. Namba hiyo mtoto haimwambii kitu. Kwa hiyo pima kamba ya mita 13, ilaze uwanjani, watoto walale chini mmoja baada ya mwingine, kichwa kwa miguu, mpaka wamalize kamba. Wahesabu wamefika wangapi. Yule mjusi alitembea huku kwetu, na nataka walijue hilo mapema.

Ufukweni

Jipange na maji. Nenda yakiwa yamekupwa na yanaanza kurudi, siyo siku ya bamvua kubwa, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kwa mara ya kwanza. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, viatu miguuni kwa ajili ya miiba na chupa. Kombe lenye umbo la pia, pana upande mmoja na limechongoka mwingine, wasiliokote: mwenyewe akiwa hai ana mwiba wa sumu. Mengine wayatazame na kuyarudisha.

Washike mchanga mkavu, kisha wa unyevu, kisha wa majini, na uwaulize upi unakubali kujengwa. Wainame kwenye mashimo ya kaa, wanyamaze, wahesabu mpaka kumi waone nani anatoka. Kisha chomeka kijiti pale maji yanapoishia na kaeni kando mkiimba. Nyimbo tatu, na kijiti kiko majini.

Maji huchelewa kila siku kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa kuufuata mwezi. Sikuwaambia. Kesho yake walitaka kurudi, tukarudi saa tatu ileile na kukichomeka kijiti mahali palepale, kando ya jiwe tulilokuwa tumeliwekea alama. Tuliimba nyimbo tatu, nne, tano. Maji yalikuwa bado mbali. Yule wa mpingo akachuchumaa mbele ya kijiti, akatazama bahari, akatazama kijiti.

"Mwalimu," akasema, "leo bahari imechelewa kuamka."

Nikamwambia kesho tuje na vijiti viwili.